Chumba cha Mlango wa Nje

Lufingo, 11 Februari 2024

Mwanangu Sekela,

Ugonile mwanangu. Huku tumeamka, mvua tu ndiyo haina adabu, inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo kama mtu anayekula, halafu inarudi. Mimi ni mzima ila miguu, hasa huu wa kushoto, ukianza kuniuma najua ukungu utashuka mpaka kizingitini. Ng'ombe amezaa dume. Sikufurahi sana, lakini nimeshukuru hivyo hivyo. Bi Safina wa Bulyaga, yule muuza vitenge, anakusalimia, anasema ulimwahidi picha ya Lusungu. Na mjukuu wangu kikohozi kimeisha? Usimwogeshe jioni, hata kama huko Morogoro kuna joto, jioni ni jioni.

Ndizi na maharage nimefunga gunia moja, barua iko katikati kwenye nailoni, usije ukaitupa pamoja na majani.

Simu tuendelee hivi hivi mwanangu. Najua unasema barua ni mambo ya zamani na manesi wenzako wanakucheka. Wacheke. Mimi simu naiacha wazi. Ukiwa na haraka piga Jumapili baada ya ibada, useme upesi, ukate.

Sasa neno lenyewe. Jumapili ile ulisema umepata hela ya kutosha jambo moja, ama uniongezee nyumba, ama unipeleke kisiwani nikapumzike kama wanavyopumzika watu. Nikasema nitafikiri, maana tulikuwa tumeongea muda mrefu. Nimefikiri. Nataka nyumba.

Nilimwita fundi Anyelwisye aje apime. Akazunguka, akaniambia, "Mama Amoni, kwa miguu hii wewe unahitaji choo cha ndani. Tuongeze upande wa jikoni, bomba liko karibu, utalala hapa, utajisaidia hapa, mvua utaisikia tu kwenye bati."

Nikamwambia mimi nataka upande ule mwingine, kwenye msingi.

"Pale pana mgomba, mama."

"Nauona."

"Sasa nijenge nyumba ya mgomba? Niuwekee na dirisha?"

"Weka. La kutazama barabarani."

Akacheka, akaona mimi sicheki, akakunja futi yake.

Kwa hiyo nimeamua. Kiwe chumba kimoja, kifuate msingi ulivyo, kiwe na dari maana baridi ya huku unaijua, na kiwe na mlango wake wa nje. Nimemaliza. Msalimie Lusungu, mwambie bibi anamwekea maziwa.

Ni mimi mama yako.


Morogoro, 3 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Gunia nililipokea stendi, ndizi tatu tu ndizo zilizobonyea, na barua ilikuwa imelowa pembeni lakini nimeisoma yote. Lusungu amepona, sasa ana jipya, anajifanya mwalimu, sisi wote ni wanafunzi wake na wote tumefeli.

Mama, nimesoma habari ya chumba mara nyingi. Nakuuliza kwa heshima, ni chumba cha nani? Mimi nikija nalala ndani. Lusungu analala na wewe. Kwetu mlango wa nje ni wa kijana wa kiume aliyekua, anayeingia na kutoka bila kupita mbele ya mama yake. Nyumbani kwetu kijana ni mmoja. Msingi ule kaka Amoni aliuchimba kwa mikono yake kabla hajaenda kujenga hoteli kisiwani, akasema akirudi atauinua. Mwaka huu ni wa sita, Mama.

Sitaki tubishane kwa barua. Fundi Anyelwisye amesema kweli kuhusu choo, na mimi nikifikiria unavyotoka nje kwenye utelezi ule sipati usingizi. Lakini zaidi ya choo nataka upumzike. Nakutumia picha tatu za visiwa, nimezisafisha studio zikawa kubwa ili uzione vizuri. Nimeandika nyuma. Chagua unachokipenda, usiangalie gharama, hiyo ni kazi yangu.

Mwanao Sekela.


Lufingo, 24 Machi 2024

Mwanangu Sekela,

Ugonile, na huyo mwalimu wenu mwambie bibi aliishia darasa la nne, amwonee huruma. Sisi tupo. Baba yako mdogo Hezron alianguka kwenye shamba la chai, mguu haukuvunjika, kilichovunjika ni kikapu, na amekilalamikia kikapu kuliko mguu. Maparachichi ya Nkunga mwaka huu wanunuzi wanayafuata mpaka mitini.

Picha nimezipata. Nimezitazama na Bi Safina. Hiyo ya Unguja watu wamejaa, nyumba zimebanana, Bi Safina anasema bibi yake alitokea huko. Nikamuuliza, basi bahari ikoje? Akaniambia, "Shoga, mimi nimezaliwa Tukuyu hospitali, bahari naisikia kama unavyoisikia wewe, maji mengi nayaona mvua ikinyesha." Basi hatukusaidiana. Hiyo ya Pemba ni nzuri, ina miti, imefanana na huku kidogo, ila sasa kama ni kufanana si nibaki huku? Na hao waliolala juani kwenye vitanda, ni wagonjwa? Mbona hawajafunikwa?

Halafu mimi nina swali. Kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, umesema. Hayo maji yana baridi kiasi gani? Ni kama ya mto Kiwira, au yamezidi? Mimi Kiwira nikitia mguu mifupa inalia. Naomba unijibu hilo.

Picha ya tatu haina jina nyuma. Ulisahau? Ina nyumba za makuti na ukuta wa mawe meupe.

Chumba bado nakitaka.

Mama yako.


Morogoro, 21 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa Baba mdogo na kikapu chake. Huku mvua zimekuwa kubwa, kazini wagonjwa wa malaria wamejaa mpaka wanalala chini. Nimechoka lakini mzima.

Wale waliolala juani si wagonjwa, ni watalii, wanapenda. Kwenye kisiwa utapewa chumba chenye choo humo humo, kitanda kina chandarua, chakula unaletewa, huoshi hata kijiko. Samaki wapo wa kila aina. Bati hakuna, kwa hiyo mvua hutaisikia. Ndege ndogo inapanda na kushuka kabla hujamaliza kusali, kwa hiyo usiogope habari ya meli.

Picha ya tatu nilisahau kuandika jina.

Sekela.


Lufingo, 16 Juni 2024

Mwanangu Sekela,

Nimechelewa kukujibu, baridi imeingia, vidole havishiki kalamu. Ndama dume tumemuuza. Bi Safina anaumwa meno. Wengine wote tupo.

Umenijibu habari ya watalii na ya vijiko. Habari ya maji hukunijibu.

Na mimi sikukwambia kitu, lakini ukuta ule niliutambua siku ile ile. Nina picha ya Amoni aliyonitumia kwa mkono wa mwenzake, amesimama mbele ya ukuta wa mawe meupe, ameshika mwiko, anacheka, ukuta umemfika kiunoni. Nimeziweka pamoja, yake na yako. Minazi ni ile ile. Kwenye yako ukuta umefika mwisho, wameupandishia na maua. Wameumalizia watu wengine. Wewe umeniletea kisiwa kile ambacho humu ndani jina lake hatulitaji, ukakiweka katikati ya vingine kama mtu anayeficha dawa kwenye uji. Mimi nimemlisha mtoto dawa kwenye uji, naijua hiyo. Sekela mwanangu, mimi si Lusungu.

Sasa na mimi niseme, usije ukafikiri mama amechanganyikiwa. Yeye na wenzake walipokwenda baharini na kile chombo siku ya mapumziko kikapinduka, watatu wakarudi, yeye hakurudi. Hilo nalijua. Wewe na Hezron mkaenda kumtafuta, mkarudi mikono mitupu, na mpaka leo hujanieleza ulichokiona huko, na mimi sijakuuliza. Hezron akasema mtu asiyezikwa anahangaisha ukoo, tuzike shina la mgomba badala yake. Nikasema kama ni kuzika, mzike pale kwenye msingi wake, alale chumbani kwake. Ulikuwepo. Lakini vijana waliotumwa shina wakaling'oa na mzizi wake, hawakukata, wakalifunga kwenye shuka yake wakalifukia. Shina lisilo na mzizi lingeoza. Hili likaota. Hezron alitaka ling'olewe lizikwe upya, nikakaa pale na panga, nikamwambia, "Shemeji, ling'oe tu, ila anza na mimi." Akaenda zake. Kila mwaka mgomba unazaa, ndizi zake sili, siuzi, sigawi, zinaivia juu ndege wanazimaliza.

Nikwambie na hili. Mvua ikipiga majani yake inatoa sauti ya mtu anayekung'uta koti kabla hajaingia ndani. Mchana kweupe, niko napepeta maharage, naisikia. Nasema, "Pita baba." Nimeshasema, ndipo nakumbuka hakuna mlango. Anapita wapi? Anakung'uta koti, anasubiri, anarudi kwenye maji. Ndiyo maana nataka mlango.

Unajua kaka yako alivyokuwa na baridi. Mpaka ana ndevu namchemshia maji ya kuoga, wenzake wanamtania mtoto wa mama. Na simu, hii laini aliisajili yeye, namba hii ndiyo aliyoishika kichwani. Najua kilichotokea. Lakini siku akipiga akaambiwa namba inatumika, nitamwambia nini? Nilikuwa naongea na Sekela habari za vitenge?

Kisiwani siendi. Mtumie fundi hela.

Mama yako.


Morogoro, 7 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo.

Sikuficha dawa kwenye uji kwa kukudharau. Nilishindwa kuandika jina nyuma ya picha.

Habari ya maji nimekujibu kichwani mara nyingi. Kuna siku Baba mdogo alikuwa anaongea na wavuvi, mimi nikaingia na gauni langu, nikaenda mpaka kifuani, namwita. Kwa hiyo nayajua. Lakini nikikuandikia utasema Sekela ananifariji, na wewe ukishasema hivyo jibu lenyewe linakuwa halina kazi tena. Sitakuandikia. Njoo uguse mwenyewe.

Hela nimeiacha kama ilivyo. Ukisema chumba, kitajengwa hicho chumba, na mlango wake, na dirisha la mgomba, nitamtumia fundi bila neno. Ukisema twende, twende. Lakini Mama, kama ni chumba, ujue mimi sitakaa niingie humo. Na Lusungu akiniuliza ni cha nani sitajua la kumwambia.

Nakusubiri.

Sekela.


Lufingo, 1 Septemba 2024

Mwanangu Sekela,

Ugonile. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha nikaona aibu kuanza. Bi Safina amepona meno, yamebaki machache lakini yanatosha kusengenya.

Juzi fundi alikuja kuchora alama za mlango. Ameweka kijiti huku na kijiti huku, kamba katikati. Alipoondoka nikasimama pale nikajaribu kupita kama atakavyopita yeye, kutoka nje kuingia ndani. Nikapita. Nikafika kwenye mgomba, ukanizuia, majani yakanipiga usoni, ya baridi, yana maji. Nikasimama humo ndani muda mrefu. Mwanangu, nilikuwa peke yangu.

Ng'ombe nitamwachia Hezron. Nitafutie ndege ya asubuhi, si ya jioni. Na sweta lake nakuja nalo, usiniulize la nini.

Mama yako.


Lufingo, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Sekela,

Ugonile mwanangu, mimi nilifika salama, kondakta alinishusha na mizigo yangu yote mpaka chumvi ile. Ng'ombe nimemkuta amekonda, Hezron anasema alikuwa ananililia, mimi nasema alikuwa na njaa. Lusungu mwambie makombe yake ya baharini sikuyasahau, nimeyapanga dirishani, kila anayepita anaweka sikio.

Kuna jambo sikukwambia kule. Kwa siku zote zile wewe ulikuwa unanitazama kama mgonjwa wako, nami nikawa nakula samaki nasema watamu. Ukuta niliushika, uliona. Ila siku ya mwisho ulikwenda na Lusungu kununua madafu, ukaniacha kwenye kile kitanda cha juani, ukaniambia, "Mama usitoke hapo." Nikatoka.

Niliacha kandambili mchangani. Nilikuwa nimejiandaa, nimekaza meno kama pale Kiwira. Maji yakaja yenyewe, yakanifunika miguu. Sekela, nilidhani miguu imekufa ganzi, maana sikusikia baridi. Nikasubiri. Yakaja mengine. Nikainama, nikatia kiwiko, kama tunavyojaribu maji ya kumwogesha mtoto mchanga, maana mkono unadanganya lakini kiwiko hakidanganyi. Yalikuwa ni yale yale. Ni maji ya mtoto mchanga, yaliyopoa kidogo ukiwa unatafuta taulo.

Nikasema, "Kumbe." Miaka yote hii nimelala chini ya mablanketi mawili naona haya, mwanangu yuko kwenye baridi. Kumbe hakuwa kwenye baridi. Nilitaka nilie, nikajikuta nacheka, mzungu mmoja akanipungia mkono. Sweta sikulitupa majini kama ulivyodhani ulipoona halipo. Nilimpa yule kijana wa jikoni aliyekuwa anakohoa. Huko halina kazi nyingine.

Nimerudi nimekuta kamba na vijiti vya fundi. Nimeving'oa. Anyelwisye anahamisha mawe ya msingi, anayapeleka upande wa jikoni kidogo kidogo, hela ikipatikana tutaanza choo, isipopatikana mawe hayaozi. Mlango utafungukia ndani. Aliponiuliza habari za mgomba nilimwambia auache, ni mgomba kama mingine, sasa hauko chumbani kwa mtu. Mvua ilinyesha jana, majani yakapiga. Niliinua kichwa. Sikusema pita. Nilisema, "Ndaga baba," asante tu, nikaendelea na maharage yangu.

Mkungu wake ulikuwa umekomaa. Nimeukata mwenyewe, ndege safari hii wamekosa. Chane mbili ziko humu kwenye gunia, nimezifunga kwa kitenge cha bluu uzitambue. Zipike na maziwa kama alivyopenda. Usiogope kumpa Lusungu. Ni ndizi tu, mwanangu, nimezionja.

Na simu, nipigie. Piga asubuhi, piga jioni, piga siku ambayo si Jumapili, tuongee mpaka sikio lipate moto. Ukiambiwa namba inatumika usishtuke, subiri kidogo upige tena. Nitakuwa naongea na Bi Safina, namweleza bahari.

Ni mimi mama yako.